Samli Katikati ya Mfungo

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipoishia: nimepewa nafasi ya kupika msibani, nikaipokea kwa furaha ya mjinga. Wewe unayenifungua leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu nikupe kwa kifupi, maana leo pumzi yangu ni ndogo.

Naitwa Fantaye. Nilihama Dire Dawa, mji wa joto na wa watu wa kila dini, nikaja Gondar na mama yangu mzazi, Alganesh. Mama alizaliwa Gondar, akabatizwa kwenye kanisa lililo juu ya mtaa huu tunaokaa, na alitaka azikwe hapo hapo. Alinishika mkono akaniambia, "Nirudishe kwetu, Fantaye. Nataka siku yangu nibebwe na watu."

Sasa huku, ili ubebwe na watu, lazima uwe ndani ya edir, chama cha kufa na kuzikana. Chama ndicho chenye hema, vyungu, mabenchi na mabega ya kubeba jeneza. Huna chama, siku ya msiba utalia peke yako na majirani watakuchungulia dirishani.

Na chama cha mtaa wetu kina sharti moja gumu: nyumba yenye mgonjwa wa kufa haipokelewi. Walishachezewa sana na watu wanaojiunga leo, wanafiwa kesho, kesho kutwa wamehama. Kwa hiyo mwenyekiti, Gashe Mesele, kaka mkubwa wa kila mtu hapa mtaani, aliponiuliza kama nina mgonjwa ndani, nilimkazia macho nikasema, "Mama anasumbuliwa na magoti tu, Gashe."

Magoti! Mama alikuwa hajatoka kitandani tangu sikukuu ya Ubatizo. Figo zimechoka, na akili ilishaanza kwenda na kurudi. Nilimfungia ndani kama mtu aliyeficha mbuzi wa wizi, na kila aliyeniuliza hali yake nilimjibu kwa magoti.

Aliyenifungulia mtaa ni jirani yangu Etiye Zenebech, dada mkubwa mwenye kifua cha kusemea watu. Injera yangu ya kwanza hapa Gondar, huo mkate wetu wa chachu, ilitoka haina hata jicho moja, yaani tundu la kuchacha. Mtu mzima anatoa injera kipofu! Baridi ya huku ilikuwa imeua chachu niliyoibeba kwenye chupa tangu Dire Dawa. Watu walicheka, lakini Zenebech alikuja na kikombe cha chachu yake akasema, "Ya kwenu imezoea jua. Chukua hii, imezoea shida."

Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda soko la Jumamosi pamoja. Akanionyesha teff, nafaka ya injera, ile ya Dembiya isiyo na mchanga. Akanifundisha kwamba shiro, mchuzi wa unga wa dengu, ikiwa nzito ndiyo heshima, ikiwa nyepesi ni matusi. Alikula kwangu sebuleni, nikala kwake, na mlango wa chumba cha Mama sikuufungua. Mwisho akasimama mbele ya chama, akasema, "Huyu namdhamini mimi. Akiharibu, nimeharibu mimi."

Basi mzee Tegegn seremala akafa, na msiba ukaangukia katikati ya Mfungo Mkuu. Gashe Mesele akatoa amri: kila mwanamke apike kwake, alete msibani. "Na mgeni naye apike," akasema. "Tuuone mkono wake. Wakishakula watu, tutasema kama tunampokea."

Hapo ndipo nilipowaacha.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Niliamka na mafua ya Gondar, pua zote mbili zimeziba kabisa. Nikawasha jiko la mkaa, nikakaanga vitunguu kwa mafuta ya mbegu, nikatia pilipili, nikatia maji, nikaanza kukoroga unga wa shiro.

Sikuonja. Na msiniulize kwa nini. Wakati wa Mfungo Mkuu hakuna kinachopita kooni mpaka saa tisa alasiri, na hata baada ya hapo hatugusi nyama, maziwa wala samli mpaka Pasaka. Mpishi naye haonji. Anapima chumvi kwa mkono na kwa imani.

Mama akaniita toka chumbani. "Fantaye."

"Abee, Mama."

"Leo ni sikukuu?"

"Leo Jumatano, Mama. Tumefunga."

"Mbona nasikia watu wengi?"

"Ni msibani kwa seremala, hapo nyuma ya uzio."

"Kuku umeshamchinja?"

Nikacheka. Nasema kweli, nilicheka. "Kuku wa nini tena, Mama? Lala upumzike."

Nikaipua shiro, nikaiacha kando ya jiko, nikaenda bombani kuchota maji. Kulikuwa na foleni, na kwenye foleni kulikuwa na umbea, nikakawia. Niliporudi nilimkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ndani ya blanketi, anatabasamu.

Moyo wangu ulifurahi. Nilikuwa sijamwona ameketi mwenyewe kwa muda mrefu. Nikambusu kipaji, nikafunga chungu kwa kitambaa, nikatoka nacho mbio maana jua lilishapinda.

*

Jikoni kwa marehemu kulikuwa na moshi wa kuni mbichi za mkalitusi, na ubani unafuka kila kona. Aliyeshika mwiko mkubwa alikuwa Tiruwerk, dada yake Gashe Mesele. Mwanamke huyu alinichukia tangu siku ya injera kipofu, na hakujisumbua kuificha chuki yake.

"Mgeni," akaniambia, "umeleta shiro au umeleta mchuzi wa kunawia?"

"Fungua uone, Etiye."

"Sifungui chakula cha mtu kabla ya saa tisa. Mimi nafunga. Sijui wenzetu wa Dire Dawa."

Wanawake wawili wakaguna kicheko. Zenebech, aliyekuwa anapanga injera kwenye sinia, hakuinua hata kichwa. "Tiruwerk, ulimi wako nao ungefunga tungepata amani."

Shiro tulipika watatu: Tiruwerk, Zenebech na mimi. Kila mmoja akamimina ya kwake kwenye chungu kikubwa cha chama, Tiruwerk akavuruga yote pamoja. Vyungu vyetu vitupu tukaviweka nyuma ya jiko, kwenye kivuli na baridi.

Nikajisemea, Fantaye, umeshavuka. Ilikuwa imebaki watu waanze kula tu.

*

Kengele ya saa tisa ikalia kanisani. Hema lote likasimama. Abba Kidane, kasisi wa mtaa, akabariki chakula, akakaa, akamega injera, akachovya shiro, akatia kinywani.

Akatafuna. Akatafuna tena. Halafu taya lake likasimama.

Mimi nilikuwa pembeni ya hema na birika la maji ya kunawa. Nilimwona akiinua pindo la shuka yake nyeupe, akalitia mdomoni na kutema. Alitema mara mbili.

"Abba, umeuma jiwe?" Gashe Mesele akamuuliza.

"Si jiwe," akasema Abba Kidane. "Hii ina samli."

Halafu mabenchi yote yakaanza kutema kwa pamoja. Mmoja anaomba maji, mwingine anajipiga kifua. Mzee mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya huzuni, "Mimi nilishameza matonge mawili. Nikadhani leo shiro imepata baraka."

Yeyote mwingine angechekwa. Siku hiyo hata mtoto hakucheka. Mjane wa seremala akajifunika uso akaanza kulia upya, anasema mume wake ameliwa matanga kwa dhambi.

Gashe Mesele akasimama. Yeye ni mtu mrefu, na akisimama watu huketi. "Shiro imepikwa na nani?"

"Tumepika watatu, Kaka," akasema Tiruwerk. Halafu akanigeukia mimi. "Lakini kwa nini tusumbuke? Wawili tumezaliwa hapa. Mmoja katoka kule wanakokula sahani moja na kila mtu. Atajuaje Jumatano ni nini?"

Damu ikanipanda. Mimi na hasira zangu mnazijua, zimeshanitoa kwenye nyumba tatu za kupanga.

"Etiye Tiruwerk," nikasema, "ndiyo, nimekula sahani moja na Waislamu. Jirani yangu Halimo alikuwa ananigongea ukuta kila Jumatano asubuhi: Fantaye, usiguse maziwa, leo siku yenu! Alinilindia mfungo wangu kuliko unavyoulinda wewe na mdomo huo."

"Umemsikia anavyojibu? Msibani!"

"Acheni!" Zenebech akajitoa mbele. "Vyungu vipo, havijaoshwa. Samli haifichiki. Vinuswe, tujue."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikapaza sauti mpaka nje ya hema. "Vinuswe! Na chungu kitakachokutwa na samli, mwenyewe atoke asirudi tena kwenye chama hiki. Nasema mbele ya Abba!"

Sikujua najichimbia.

"Umesikika," akasema Gashe Mesele. "Vileteni."

*

Kikaja cha Tiruwerk. Gashe Mesele akapitisha kidole ndani, akanusa, akampa Abba naye anuse. Mafuta ya mbegu. Kisafi.

Kikaja cha Zenebech. Kidole, pua, Abba. Kisafi.

Hata hapo sikuogopa. Niliwaza labda chungu kimekosewa, labda samli imetoka kwenye mwiko wa chama, tutaicheka mwakani. Changu kikaletwa. Gashe Mesele hakuhitaji kunusa. Baridi ilikuwa imeshaigandisha samli, ukingo mzima wa ndani una utepe wa manjano.

Akanigeuzia chungu nione mwenyewe. Nilikitambua kwa ufa wake wa pembeni. Kilikuwa changu.

Akili yangu ikakimbia nyumbani. Kuku umeshamchinja? Foleni ya bomba. Mama ameketi mwenyewe, mikono ndani ya blanketi, anatabasamu.

Kopo la samli lilikuwepo ndani. Nilikuwa nalo kwa ajili yake, kwa sababu mgonjwa hafungi, na kasisi wetu wa Dire Dawa alishamruhusu uji wa samli. Nililificha ndani ya gunia la teff jirani asilione. Mama alikuwa halitaki, kila nikimtilia kwenye uji anageuza uso, anasema amefunga tangu ana miaka saba hawezi kuacha mlangoni mwa kaburi. Lakini asubuhi ile kwake ilikuwa imeshafika Pasaka. Akamsikia mwanawe anapika, akasikia watu wanakusanyika, akainuka na mwili ule ule usioinuka, akalitafuta kopo, akaja kunisaidia.

Ningemtaja vipi? Nikisema ni Mama, wataniuliza kwa nini samli iko ndani. Nikisema ni ya mgonjwa, watauliza mgonjwa yupi. Na wakishamwona, hakuna chama, hakuna hema, hakuna mabega. Juu ya hayo, mama aliyefunga maisha yake yote angeingia kaburini akiitwa mwanamke aliyemlisha kasisi samli.

Zenebech akanishika bega. "Fantaye, sema si wewe. Mimi najua si wewe. Nimekula kwako Jumatano zote."

Kimya changu yeye akakielewa vingine.

"Sawa," akasema, akageuka taratibu. "Basi kuna mtu kamtilia. Tiruwerk, nani alikuwa jikoni peke yake na vyungu kabla hatujamimina?"

Tiruwerk akashtuka. "Mimi? Unasema mimi?"

"Nauliza tu. Nani amekuwa akisema mgeni huyu hataingia chama hiki akiwa hai?"

"Nilisema! Kusema si kutia samli!"

"Samli ya kopo lenu si ndiyo mliyonunua pamoja na ngano mwezi uliopita? Mtaa mzima uliwaona."

"Hiyo ni ya Pasaka! Imefungwa! Kaka, mwambie!"

Gashe Mesele akamtazama dada yake, na macho yake hayakuwa ya kaka. "Tiruwerk. Ulibaki peke yako jikoni?"

"Nilibaki, lakini—"

"Ulibaki?"

Yule mwanamke mwenye ulimi wa wembe akaanguka chini. Akaenda kwa magoti mpaka kwa Abba Kidane, akashika msalaba wake wa mkononi, akaubusu, akaapa kwa Bikira Maria, kwa watoto wake, kwa kaburi bichi la seremala. Kila anavyoapa, ndivyo watu wanavyomkunjia uso. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Mwenye kosa ndiye mwenye viapo vingi."

Sasa ndugu zangu, ngoja niwaambie jambo ambalo sijamwambia hata Zenebech mpaka leo. Nilinyamaza.

Nilinyamaza makusudi. Mlango ulikuwa umefunguka na nilikuwa nauona. Tiruwerk abebe mzigo, mimi nihurumiwe, nipokelewe kabla jua halijazama, na Mama abebwe na watu. Mwanamke mwenyewe alikuwa amenitukana tangu nifike. Nikajiambia, Mungu ndiye aliyepanga hivi, wewe nani upangue?

Halafu akanitazama. Hakunitukana. Alisema tu, "Fantaye, wewe ndiye mwenye chungu. Unajua si mimi. Niokoe."

Siku zote alikuwa ananiita mgeni. Ile ndiyo mara ya kwanza kunitaja jina.

"Ni mimi," nikasema.

Zenebech akaniminya bega mpaka likauma. "Unasema nini wewe?"

"Ni mimi. Tiruwerk hana kosa. Samli imetoka nyumbani kwangu."

"Kwa bahati mbaya," Zenebech akadakia haraka. "Ulikosea kopo. Una mafua, hukusikia harufu. Sema hivyo."

Ningesema hivyo, wangeniuliza kopo lilikuwa linafanya nini jikoni kwangu katikati ya mfungo. Nikatikisa kichwa. "Sikukosea kopo."

Zenebech akaondoa mkono begani mwangu. Hakunipiga wala hakunisuta. Alivua aproni ya chama, akaikunja, akaiweka juu ya benchi mbele ya Gashe Mesele. "Nilisema akiharibu, nimeharibu mimi," akasema, akaenda kukaa nje ya hema pamoja na watu wa kupita.

Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Nilitamani nimkimbilie, lakini Gashe Mesele alikuwa ameshaanza kusema.

"Mtaa huu hauna ubaya na wageni," akasema. "Baba yangu mwenyewe alikuja hapa mgeni. Lakini huyu amesema kwa kinywa chake, mbele ya Abba, mwenye chungu atoke asirudi. Na sasa amekiri. Mtu anayetia samli midomoni mwa wafungaji, akijua, hana nafasi kwenye chama hiki. Yeye wala nyumba yake. Siku yake ya msiba ikifika, asipige kelele kwetu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyetaka kunitazama.

Nikaokota chungu changu.

*

Nilikuwa nimefika mlangoni mwa hema, ndipo nikasikia sauti ambayo nilidhani ni ya masikio yangu.

"Kristo amefufuka!"

Alikuwa amesimama pale, ameshika nguzo. Amevaa gauni lake jeupe la sikukuu lenye urembo kifuani, lile nililolitunza chini kabisa ya sanduku kwa siku nyingine kabisa. Miguu mitupu, ina matope ya uchochoroni. Sijui uzio aliupitaje.

"Kristo amefufuka, watoto wangu! Mbona mmenuna?"

Katikati ya matanga, katikati ya mfungo. Mjane alifunua uso, akaduwaa. Nikaangusha chungu, nikamkimbilia. "Mama, twende. Mama, twende nyumbani."

"Niache. Umenifungia ndani siku zote hizi, mimi ni kuku?" Akanisukuma. Hana nguvu ya kusukuma hata pazia, lakini nilisogea. "Nimetia samli nyingi, nimeona wewe umesahau. Watu hawafunguliwi mfungo kwa shiro kavu. Huko Dire Dawa umekuwa mchoyo."

Hema zima likasikia. Tiruwerk akaweka mkono mdomoni. Kule nje, Zenebech akasimama.

Mama akaenda moja kwa moja, hatua kwa hatua, mpaka kwenye sinia lililoachwa katikati, ambalo hakuna aliyelisogelea tangu Abba ateme. Akamega injera, kipande kikubwa, cha ukarimu. Akachota shiro, akaviringa tonge vizuri kwa ncha za vidole kama walivyofundishwa wanawake wa zamani. Akainua macho kumtafuta mtu wa kuanza naye, akamwona aliyesimama.

"Wewe ndiye mkubwa hapa," akamwambia Gashe Mesele. "Una uso wa mtu aliyefunga sana. Fungua mdomo, mwanangu. Mfungo umekwisha."

Tonge likawa limesimama mbele ya midomo yake.

Kwetu tonge la mkono wa mzee halikataliwi. Ukilikataa hujakataa chakula, umemkataa mtu, umemrudisha alikotoka mbele ya macho ya watu. Wote walijua hivyo. Na wote walikuwa wamemsikia Gashe Mesele, muda mfupi tu uliopita, akitoa hukumu juu ya samli hiyo hiyo.

"Kaka," Tiruwerk akaanza, halafu akaliacha neno.

Abba Kidane akainamisha kichwa akatazama msalaba wake. Msaada haukuja toka huko.

Mkono wa Mama ukaanza kutetemeka. Mkono wa gauni ukateleza mpaka kwenye kiwiko, na watu wote wakauona ule mkono jinsi ulivyo, ngozi na mfupa, na alama za sindano za Dire Dawa. Nilimwona Gashe Mesele akiutazama. Halafu akanitazama mimi.

"Fantaye," akasema kwa sauti ya chini, "huyu ndiye mwenye magoti?"

Nilitaka kusema uongo mmoja zaidi. Haukupatikana.

"Ndiye, Gashe."

Shiro ilidondoka tone moja juu ya kiatu chake. Hakuipangusa.

"Mkono unachoka, mwanangu," akasema Mama. "Utakula, au utanitazama?"

Gashe Mesele akavua kofia yake taratibu, akaikumbatia kifuani, akainama kidogo mpaka uso wake ukalingana na wa Mama. Akafungua mdomo.